Namna ya Kupigana na Maharamia Ukiwa na Naima

Mbwana mwanangu,

Kabla ya adhana nilisikia vitufe, ta, ta, ta. Nikamkuta Naima sakafuni na ile gemu aliyokuja nayo, anapigana na maharamia, sauti ya tivii ameizima asikuamshe. Nikamwambia akuite mcheze wote. Akasema, "Baba ananiulizaga habari za shule tu, bibi, halafu tunanyamaza."

Tangu muachane na mama yake, ndiyo kwanza amelala hapa, nami leo lazima niende msibani Tandale. Mama yake atamchukua saa kumi alasiri.

Uji uko kwenye chupa. Mkishakunywa, cheza naye. Alinifundisha hivi:

Usibonyeze vitufe vyote kama mtu anayeua kunguni. Haramia akiinua upanga, rudi nyuma. Akishakosa, ndipo umpige. Mkate ulio ndani ya pipa unaongeza nguvu. Mwachie yeye, ingawa atakuachia wewe. Na upanga wako unamkata hata mwenzako, usipige akiwa mbele yako. Mie nilimuua mara tatu, akasema, "Si kosa lako bibi, humo melini giza."

~~Usimuulize habari za mama yake.~~ Muulize, ila mkiwa mnacheza, macho yenu yakiwa kwenye tivii.

Nimemwomba aje tena Jumamosi. Amesema atakuja ukimwambia wewe. Hilo siwezi kukusemea. Kabla hajavaa viatu, mwambie mwenyewe, "Mwanangu, njoo tena."

Mama