Tumbo Moja, Kisu Kimoja

Mpendwa mdogo wangu Mziwanda,

Salamu nyingi zikufikie wewe na nyumba yako. Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakunywa tangawizi kwa ubishi badala ya kwenda kwa daktari? Paka hajambo? Mimi mwili mzima, kidonda cha upasuaji kimefunga na nimesharudi kazini. Moyo ndio hauna raha. Barua hii nampa shemeji, mumeo, akuletee mkononi, maana kwenye simu nimejaribu na kila mara nimeishia kukuuliza habari za huyo paka.

Mwaka huu nimepewa kundi la madaktari vijana wanaosomea patholojia. Ni hodari wa kutazama kipande cha nyama kwenye hadubini na kusema hii ni saratani, hii siyo. Mimi nawafundisha hatua inayofuata: kuuliza saratani hiyo imetoka wapi, kama ni ya mtu peke yake au ni jeni mbovu iliyoshuka kutoka kwa wazazi. Nikiwa sipo wananiita Bi Mkali. Nikiwepo ni "Daktari" na tabasamu la uongo.

Somo la kwanza ni kuchora ukoo. Mwanamke duara, mwanamume mraba, aliyeugua unamziba kwa wino mweusi, kisha unavuta mistari nani kamzaa nani. Juzi niliwatuma wodini. Binti mmoja tunayemwita Swali, maana haishi kuuliza, akarudi na mchoro wa mgonjwa mwenye mama watatu na ndugu wamejaa ukurasa. Kumbe mama wawili ni mama mkubwa na mama mdogo, na nusu ya hao ndugu ni watoto wa kulelewa. Nikamjia juu. Nikamwambia chora aliyezaa, usichore aliyelea; jeni haijui nani alikubeba mgongoni. Mtoto wa kulea anatiwa kwenye mabano, na hatari ya ukoo ule haimhusu. Swali akanijibu taratibu kwamba mgonjwa amesema wote ni tumbo moja, sasa yeye ni nani amkatalie? Darasa likacheka.

Ili kuficha aibu nikageukia ubao nikachora ukoo mwingine wa mfano, bila kusema ni wetu. Bibi, mweusi. Mama mkubwa, mweusi. Mama, mweusi, yule waliyemtibu vidonda vya tumbo mpaka mwezi wake wa mwisho, kumbe ni saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi. Mimi, duara lenye nukta katikati: jeni ninayo, sijaugua. Nilipofika kwako nikachora duara, mstari wa kwenda kwa mama sikuuvuta. Swali akauliza mbona huyo wa mwisho haunganishwi. Nikasema kipindi kimekwisha, na wala hakikuwa kimekwisha.

Unakumbuka nilipokuambia majibu yangu? Ulilia kuliko mimi mwenyewe. Na nilipotolewa ovari ulikaa kando ya kitanda ukasema nawe utakatwa: tumbo moja, kisu kimoja. Nikakusihi upime kwanza, ukasema hata mama vipimo vilimwambia hana kitu, huviamini tena. Nikadhani ni uchungu tu, utapita. Sasa shemeji ananiambia daktari wenu amekubali kukutoa ovari kwa kusikia habari za ukoo tu, ni wiki ijayo, na kile kitanda cha mtoto mlichonunua ndoa ikiwa mbichi umempa jirani. Jamani, Mziwanda! Wewe uliyekuwa ukichagua majina ya watoto tangu shule ya msingi! Nimelia mpaka macho yamevimba.

Basi nisikilize, na kama umesimama, kaa. Mama hakukuzaa. Nilikuwa darasa la tatu, nakumbuka vizuri. Unajua mama alikuwa mkunga. Mwanamke mmoja alikuja kujifungua peke yake, damu ikamtoka nyingi, akafariki, na hakuna aliyekuja kumuulizia, wala yeye wala wewe. Mama alitoka nyumbani asubuhi hana mimba, akarudi na wewe umefungwa kwenye gauni lake la kazi. Baba akauliza huyu nani. Mama akasema huyu ni mziwanda wangu. Kisha akaniita, akaniambia huyu ni mdogo wako wa tumbo moja, atakayekuuliza mjibu hivyo. Nimejibu hivyo maisha yangu yote. Alipokuwa anakata roho alinikumbusha ahadi ile. Leo naivunja, na simwombi radhi, kwa sababu angekiona hicho kisu angeivunja mwenyewe. Jeni ya mama huna, Mziwanda. Haikuwa na njia ya kukufikia.

Najua kwa kalamu hiihii nimekunusuru na nimekunyang'anya mama. Kasirika. Nitukane, matusi yako nimeyazoea. Ila usipande kwenye meza ile kwa ajili yangu. Shemeji hajui lolote. Mwambie wewe, kwa wakati wako.

Kesho nitamwomba Swali msamaha mbele ya wenzake. Nitawaambia wamuulize mgonjwa maswali mawili, nani alikuzaa na nani alikulea, na jibu la pili wasimkatalie mtu.

Msalimie paka. Kitanda nenda kakichukue kwa jirani, na akileta maneno nipigie mimi. Ubaoni nitakutia kwenye mabano, maana kazi ndivyo inavyotaka. Hapa chini siyaweki.

Ni mimi,
dada yako wa tumbo moja.