Siku Tatu za Karachi

Wenje, Shaabani 1324

Kaka yangu Godhana, salamu nyingi huko Bombay. Maji ya mto yamepungua na mpunga umekubali, ila ndege wanatusumbua.

Uliandika kwamba merikebu yenu ya moshi hutoka Bombay hadi Karachi kwa siku tatu. Mama alishika hizo siku tatu, akadhani ndizo za kufika kwetu. Sikumsahihisha, maana tangu siku hiyo alikuwa akilala vizuri.

Jumapili alizidiwa, akatuambia, "Nikifa msinizike upesi. Mngojeni Godhana, ni siku tatu tu."

Alifariki Jumatatu asubuhi, na baada ya adhuhuri tukamzika. Nisamehe.

Siku ya tatu nilikupakulia wali, nikaufunika.

Dada yako,
Tuneya