Hofu ya Mama na Panya Waliopumzishwa

Kotagede, Yogyakarta
14 Januari 2024

Mpendwa mdogo wangu Jatmiko,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Winarsih. Baridi ya Busan, huko Korea, inawatendeaje? Na tumbo lako je, limetulia, au bado unaamka likiwa limekaza kama enzi zile za mitihani? Sisi huku wazima. Mvua inanyesha kila alasiri na nguo hazikauki. Mama analalamikia magoti, lakini asubuhi anachuchumaa mwenyewe kufunga tempe zake, vile vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye majani ya mgomba, na ole wake atakayejaribu kumsaidia.

Barua yako ilifika kabla ya mwaka mpya. Sikuchelewa kujibu kwa uvivu. Uliniandikia kwamba wewe na Winarsih mmekubaliana msizae, kwa sababu Bibi alikuwa akifunga madirisha mchana kweupe, Mama naye tangu majivu ya volkano ya Merapi hakuvuka soko kwa miaka, na wewe mikono inakutetemeka ukisikia tu sauti ya msimamizi wako. Ukaniuliza, mimi ninayelisha panya wa maabara, nikwambie kweli kama mambo haya yanarithiwa.

Kwanza nikiri kosa langu. Unajua barua zako huwa namsomea Mama. Hii nilianza kuisoma kwa sauti kama kawaida, na nilipotambua inakoelekea, mdomo ulikuwa umeshatangulia.

Mama aliweka chini jani alilokuwa amelishika. "Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Hakusema hivyo, Mama."

"Kasema. Kasema kwa adabu tu, kwa kuwa nilimlea vizuri."

Siku tatu hakutengeneza tempe. Wateja walibisha hodi, nikawadanganya kwamba anaumwa mafua. Siku ya nne aliniita jikoni akanieleza jambo ambalo hata marehemu Baba hakulijua vizuri. Alipokuwa na mimba yako aliugua homa ya matumbo. Alimeza antibayotiki wiki baada ya wiki, tumbo likavurugika kabisa, na hapo hapo ikamwingia hofu ambayo hakuwa nayo kabla. Basi kila ulipotapika kabla ya kwenda shule, yeye alijihukumu. Miaka ishirini na tisa, Jatmiko, amebeba hilo peke yake.

Kesho yake kazini nilimweleza Daktari Prabandari, mkuu wa maabara yetu, habari yako na ya Mama.

Sasa nikusimulie kuhusu panya. Mwaka jana tuliwapa panya madume kadhaa antibayotiki kwenye maji ya kunywa kwa wiki sita, hadi vijidudu vyote vyema vya utumboni vikafagiliwa. Kisha tukawapandisha kwa majike wazima, ambao hawakuonja dawa hata tone. Mimi ndiye niliyewapokea watoto wao. Wengi walizaliwa wadogo mno, wengine kondo la nyuma lilikuwa bovu, na waliokufa niliwatoa kwa mkono wangu. Panya baba ndiye aliyesafishwa utumbo, mtoto ndiye aliyedhoofika. Niliwaonea huruma nikashindwa kula mchana ule.

Daktari alinifafanulia kwamba vinasaba vyenyewe havikubadilika. Kilichobadilika ni alama ndogo ndogo zinazokaa juu yake, zinazoamua kipi kifanye kazi na kipi kinyamaze. Utumbo unazungumza na ubongo, unazungumza na mbegu za uzazi, na vijidudu ndio wasemaji wakubwa. Hata tabia huguswa. Tulikuwa na panya wengine waliokuwa wakijibanza pembeni mwa kizimba. Walipowekewa vijidudu vya panya watulivu, baadhi yao walianza kujitokeza kwenye mwanga.

Nikamuuliza, "Basi nimwandikie mdogo wangu kwamba ni kweli?"

"Mwandikie ulichokiona," alisema. "Panya si watu, Murti. Usimtishe, na usimpe ahadi usiyo nayo." Kisha akaniambia nimlete Mama.

Nilijua Mama atakataa. Kumbe alivaa ile kebaya yake ya kijani, blauzi yake ya sherehe, akapanda basi pamoja nami hadi upande wa pili wa mji, akinibana mkono njia nzima. Vidole viliniuma lakini sikuutoa mkono wangu.

Njiani nilikuwa nimemsimulia habari ya wale madume, na tulipofika nikamwonyesha kizimba cha tatu. Ndani mlikuwa na watoto kumi na mmoja, wekundu, wanene, wakisukumana kunyonya.

"Hawa baba zao ni kina nani?" aliuliza.

"Ni wale wale, Mama. Tuliwaondolea dawa wiki nane, wakala, wakapumzika, vijidudu vikarudi. Kisha wakazaa tena."

"Wale wale?"

"Wale wale."

Aliinama mbele ya kizimba kama anayehesabu. Kisha akasema polepole, "Panya wamepumzishwa wiki nane. Mimi hakuna aliyenipumzisha."

Nilimshika bega akalia pale pale, mbele ya Daktari na wanafunzi wake. Daktari alimletea kiti. Alipomaliza kulia aliuliza kama panya wanaruhusiwa kula tempe, na wote tukacheka.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, mdogo wangu. Ndiyo, yako mambo yanayopita kwa mtoto bila kuandikwa kwenye damu. Lakini niliyoyaona mimi hayakuwa ya kudumu. Yalifutika panya baba alipopona. Kama kwa watu ni hivyo hivyo, sijui, na hakuna hapa anayejua. Nenda kwa daktari kwa ajili ya tumbo lako na kwa ajili ya huko kutetemeka. Nenda kwa sababu unaumwa, hata kama hutazaa kamwe.

Mama mdogo Sulastri anakusalimu, na Mzee Parjan jirani anauliza kama huko mnapata pilipili ya maana. Mpe Winarsih mkono wangu.

Mama hulala mchana siku hizi, saa nzima, na hakuna anayethubutu kumwamsha. Ameomba maneno ya mwisho yawe yake, nami nayaandika kama alivyoyatamka: "Mwambie asizae kwa ajili yangu, wala asiache kuzaa kwa ajili yangu. Kwa nilichompa bila kujua, nimejisamehe. Na yeye anisamehe."

Mungu awatunze katika baridi hiyo na awape usingizi mwema.

Mimi dada yako, nikupendaye tangu ukiwa mgongoni mwangu,
Murti