Bakuli Kutoka Hoteli Mpya ya Bondeni

Kibokoni, Jumamosi, Machi 1996

Joto la leo halisemeki. Tangu asubuhi upepo umekataa, nguo kwenye kamba hazitikisiki, na hata paka wa jirani wamelala chali uchochoroni kama waliopigwa dawa. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni chumbani kwangu, mlango nimeukomea. Adhana ya Alasiri imepita kitambo. Chini jikoni Mama hasemi kitu. Akigomba huwa najua la kufanya, lakini akinyamaza napotea.

Nianze na kosa langu, maana daftari hili nililinunua ili niwe na mahali pamoja pa kusema kweli.

Mimi hula hotelini.

Kwa mtu wa mbali hilo si lolote. Nyumbani kwetu ni jambo kubwa. Mama huamini hoteli ni za wasafiri na za wanaume wasio na wa kuwapikia. Ana miaka hamsini na tatu, amezaliwa mji huu huu, na hajawahi kukaa kwenye kiti cha hoteli hata kunywa chai. Mimi binti yake nina miaka ishirini na sita, napiga taipu ofisini, na kila Jumamosi kazi ikiisha saa sita humwambia kuna barua zimebaki. Hakuna barua. Kuna mimi na Kadzo na njaa yetu.

Kadzo ni Mgiriama wa Kaloleni, meza yake iko mkabala na yangu. Yeye ndiye aliyenifungua macho, mwaka jana, aliponipeleka kwa Wahindi wasiokula nyama, ambako sahani haikuishi. Kila nikipunguza, mtu anaongeza, mpaka nikaifunika kwa kiganja nikiomba msamaha. Baadaye tukaenda kwa Mchina aliyefungua upande wa mjini. Nilimuuliza weita mara tatu kama kuna nguruwe, kisha nikala samaki tu, kwa vijiti, na nusu yake ikaishia mapajani. Tangu hapo nikisikia kuna hoteli mpya popote kisiwani silali vizuri mpaka niijue. Ni uroho, sikatai. Lakini ni uroho wenye heshima zake: buibui langu silivui, na hukaa chumba cha familia, nyuma ya pazia.

Leo ilikuwa zamu ya Bondeni. Kadzo alikuwa ameona ubao mpya juu ya duka la vitambaa, umeandikwa kwa rangi ya kijani kwamba ghorofani kuna chakula cha Kiswahili. Nilimcheka. Nikamwambia chakula cha Kiswahili ninacho nyumbani bure, kwa nini nipande ngazi nikitafute? Tukapanda hata hivyo. Palikuwa na meza sita, feni moja iliyochoka, na pazia la maua. Tukaagiza wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Tonge la kwanza nilimeza bila kufikiri. La pili likanikwama.

Bibi yangu, mamake Mama, alikuwa na kawaida yake. Kabla ya kumpaka samaki tui, alilitia embe bichi ndani ya makaa mpaka ganda likawa jeusi, akalimenya, akaliponda, akalichanganya na tui lile. Ukali wake una moshi ndani yake. Sijapata kuukuta kwa mtu mwingine. Bibi aliwafundisha wanawe wawili tu wa kike. Mmoja ni Mama, ambaye hajampika samaki huyo tangu Bibi afariki. Wa pili ni khalati Zuhura.

Kadzo aliniona nimeduwaa akadhani nimekwamwa na mwiba. Nikamuuliza weita ni nani anayepika. Akaenda jikoni, na kabla sijajua nataka nini, pazia likafunuliwa.

"Ni Nuru wewe?"

Amekonda. Kitambaa cha kichwa kimelowa jasho, mikono imeshika masizi. Nikainuka nikaubusu mkono wake vivyo hivyo. "Shikamoo, khalati."

"Marahaba, mwanangu. Mamako hajambo?"

Nikasema hajambo. Akaniambia mumewe alifariki mwaka jana huko Lamu, akakaa eda, ilipokwisha akarudi Mombasa. Ana miezi mitatu hapa. Miezi mitatu, na kutoka Bondeni hadi kwetu ni mwendo wa robo saa! Sikuuliza kwa nini hakuja. Najua kwa nini, nilikuwapo.

Bibi alipokufa, miaka tisa iliyopita, habari ilichelewa kumfikia khalati. Akafika siku ya nne, matanga yameshaondolewa, na mkoba wake mkononi. Mama alimkuta mlangoni. Mbele ya majirani wote akamwambia, "Waliompenda walikuya kumzika. Wewe umekuya kula?" Khalati aligeuka akaondoka na vumbi la safari bado miguuni. Mimi nilikuwa nyuma ya Mama, na sinia mikononi, na msichana wa miaka kumi na saba ana mdomo wa kusema, "Khalati, ingia." Sikuufungua. Hilo limenikaa rohoni mwaka baada ya mwaka.

Leo khalati alirudi jikoni, akatoka na bakuli la bati lenye maua mekundu, limefunikwa sahani na kufungwa kitambaa. Akanipa. "Mpelekee mamako. Yeye atajua."

Kutoka Bondeni hadi Kibokoni nilihisi kila aliyekaa barazani analitazama bakuli lile. Kadzo aliniacha njiani. Alitaka kunisindikiza hadi mlangoni nikakataa. Nilijua nikimpa Mama chakula hiki nitakuwa nimekiri mambo mawili kwa mpigo: kwamba mimi hula hotelini, na kwamba nimekaa na mtu ambaye jina lake halitajwi nyumbani. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshatunga uongo.

"Ametuletea mamake Kadzo," nikasema.

Mama alishukuru. Akafunua, akachovya ncha ya kidole, akaweka ulimini. Nilimwona amesimama vile vile, kidole kiko mdomoni.

"Mamake Kadzo ni mtu wa Kaloleni," akasema taratibu. "Hili embe kafundishwa na nani?"

Nikaangalia sakafu.

"Hebu nitazama matoni, Nuru. Chakula hiki watoka nacho wapi?"

Nikasema yote. Hoteli, pazia, Jumamosi zote, barua zisizokuwapo, khalati na eda yake. Nilisema mbio mbio huku nikingoja kofi au kilio. Sikupata hata kimoja. Mama alinipa mgongo. Akasimama mbele ya meza ya jikoni, akaanza kula. Hakukaa, hakutia wali. Alimla samaki yule kwa mkono, tonge baada ya tonge, mabega yakimpanda na kushuka. Nilisimama pale sijui kama niondoke au nimshike.

Alipomaliza aliliosha bakuli, akalifuta kwa kitambaa kikavu, akaliweka mikononi mwangu.

"Kesho mrudishie mwenyewe."

"Hivi hivi, Mama?"

"Hivi hivi."

Sijui kama kuna asiyelielewa hili. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nimekua nikitumwa kurudisha vyombo vya majirani na sikuwahi kubeba kilicho kitupu. Nyumba ikiwa haina kitu, hutiwa ndimu mbili, au asumini. Kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia usituletee tena. Mama ndiye aliyenifunza hayo, na bakuli lile lilikuwa jepesi mno mikononi mwangu.

Nilipanda nalo huku juu nikawaza ujanja. Nilitie sukari, nimwambie khalati imetoka kwa Mama. Kingekuwa chakula angeujua mkono, lakini sukari ni sukari, nani ataijua? Angefurahi. Huenda angekuja mwenyewe, hapo uongo wangu ukapasuka mlangoni palepale, mbele ya majirani walewale.

Nikashuka tena. Miguu haikutaka.

"Mama, bakuli tupu sipeleki."

Hakugeuka. Nikaendelea kabla ujasiri haujaniishia. "Wa kulipeleka ni wewe. Twende sote kesho. Kuna chumba cha pazia, hakuna mtu atakayekuona."

"Watu si neno," akasema Mama. Sauti yake sikuitambua. "Nikifika, nimwambie nini? Naona haya, Nuru."

Katika umri wangu wote nimemsikia Mama akiona haya kwa ajili yangu, kwa ajili ya majirani, kwa ajili ya ukoo mzima. Kwa jambo alilolifanya yeye, sijawahi. Ningekuwa na busara ningemjibu neno la maana. Nililiweka bakuli mezani karibu na mkono wake nikakimbilia huku juu, na hadi sasa sijamsikia akiligusa.

Hoteli hufunguliwa saa sita. Kesho kabla ya hapo nitavaa buibui nisimame ukumbini nimngoje. Akitoka, tutakwenda, na la kusema tutalitafuta njiani. Asipotoka, nitakwenda peke yangu, bakuli nitaliacha pale pale mezani, nimwambie khalati ukweli mtupu: kwamba dada yake alimla samaki wote akiwa amesimama, na mchuzi uliobaki akaufuta kwa kidole.