Video Niliyokuambia Imefutwa

Mpendwa Mama Mwende,

Video ile haikufutwa. Nilikuficha hilo kwa miaka minne, na ukaenda kaburini na uongo kama nilivyokupa. Mwende alipotuletea tableti kutoka Mwingi na kutuonyesha kwamba vikao vyote vya bunge la kaunti vimewekwa mtandaoni, ulisogeza kiti karibu yangu haraka. "Mwalimu, tafuta siku ya mchanga. Tumwonyeshe Nduku." Nikavaa miwani, nikapekua kidogo, nikakuambia vikao vya wakati wangu vimefutwa. Ulinihurumia. Ukaenda kunipikia chai.

Siku ya mchanga wewe hukuisahau. Hoja iliyoletwa ilikuwa ya kuruhusu malori kuchota mchanga kwenye mto wetu, na mimi nilikuwa mwakilishi wa wadi. Kura ilipigwa kwa sauti: spika anauliza, wanaokubali wanasema ndiyo, wanaopinga wanasema la, na upande unaosikika zaidi ndio umeshinda. Hakuna anayeandikwa jina. Nilirudi nyumbani nikakuambia nilisema la mpaka koo likaniuma, lakini tulizidiwa. Uliniamini kabla sijavua viatu.

Dada yako Nduku hakuamini. Alikuwa amekuja kusikiliza pamoja na akina mama wa kanisa lao. Gari liliwaharibikia njiani kutoka Kibwezi, wakaingia ukumbini wakati kura inaitwa. Kesho yake alisimama mlangoni petu.

"Shemeji, nimekaa darasani kwako miaka miwili. Sauti yako naijua hata katikati ya soko la Ikutha siku ya mbuzi. Ulisema ndiyo."

Wewe ndiye uliyemjibu. Ulimwambia ana wivu tangu siku ulipoolewa na mwalimu, aende kwake na asikanyage hapa tena. Mimi nilikuwa mezani nikikoroga uji uliokwisha kupoa.

Nakumbuka mto ulivyokuwa kabla ya hapo. Tulikuwa tukichimba shimo mchangani kwa kibuyu, tunakaa kando kungoja maji yapande polepole, safi na ya baridi. Ni pale ulipokubali kuolewa nami, ukaongeza kwamba kwanza nijifunze kufunga mitungi kwenye punda bila kumwaga nusu njiani. Nilipochaguliwa, punda wetu ulimpa jina la Mheshimiwa, kwa sababu, ulisema, naye hasogei mpaka apigiwe kelele. Baada ya malori kulibaki mwamba mtupu. Ulianza kwenda mbali zaidi, wewe na Mheshimiwa, na huko njiani wanawake walipolaumu bunge uliwaambia, "Mume wangu alikataa."

Ulipougua, Nduku alileta uji kwenye chupa ya chai. Ulisema uji huo apewe mbwa. Siku ya kukuzika alisimama nje ya ua, peke yake, amefunga leso kichwani. Nilimwona. Sikumwita.

Sasa moyo wangu umechoka na miguu imevimba. Daktari amenikataza hata ngazi za kanisa. Mchana kutwa nakaa kibarazani na tableti, natazama vikao, vya zamani na vya sasa. Ungenicheka. Najua nani husinzia, na nani hutoka nje swali gumu likikaribia. Wiki iliyopita nilimwona mwakilishi wetu wa leo akitangaza kwamba ataleta hoja ya kurudisha malori, wakati huu mchanga unaanza kujaa tena kidogo na wanawake wameanza kupata maji. Alhamisi wananchi wataitwa kutoa maoni kwenye uwanja wa kanisa. Akina mama wamenichagua niseme wa kwanza. Wanasema mimi ndiye yule aliyekataa.

Nitakwenda. Nikishindwa kutembea nitabebwa kwenye kiti. Mwende amelia kwenye simu, ati nitawaaibisha watoto. Nimemwambia nililolichafua mwenyewe nitaliosha mwenyewe. Mchungaji naye alikuja, akasema kwa upole, "Mzee, haya mwachie Mungu." Nikamjibu kwamba Mungu hakuwa na kura siku ile, mimi nilikuwa nayo. Mwakilishi mwenyewe alipiga: "Mzee wangu, mambo ya zamani ya nini? Wewe pumzika." Nitapumzika Ijumaa.

Nitaiweka video ile mbele yao. Waone kwamba hakuna aliyenitisha wala kunipa kitu. Asubuhi ile kiongozi wa upande wetu alinishika bega mbele ya wenzangu, akaniita mtu wake, na mimi nikapenda kushikwa bega. Basi. Kisha nitawafundisha akina mama mahali pa kuangalia, kikao kwa kikao, ili huyu wa sasa asirudi kwa mke wake na koo la uongo.

Nduku nimempigia. Akasema, "Nitakuja, shemeji. Lakini sitakupa mkono."

"Usinipe," nikamwambia. "Wewe keti mbele."

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Tutaonana karibuni, nawe utaniambia mwenyewe, kwa sauti ile uliyokuwa ukimpigia punda.

Lakini hata Nduku hajui yote, maana alichelewa. Alisikia ndiyo yangu, na ni kweli niliisema. Nililoogopa ulione ni lile lililotangulia. Hoja bungeni haijadiliwi wala haipigiwi kura mpaka mwakilishi mwingine asimame kuiunga mkono. Ikikosa mtu, inakufa hapo hapo. Kwenye video spika anauliza nani anaiunga mkono. Ukumbi kimya. Anauliza tena. Wote wameinamia karatasi zao, hata wale tuliojua ni marafiki wa malori. Spika anaanza kufunga faili. Mama Mwende, mto ulikuwa umeshapona. Halafu mtu mmoja, mmoja tu, anasimama na kufunga kifungo cha koti ulilolipiga pasi asubuhi ile.

Mtu huyo ni mimi,

mumeo,
Baba Mwende