Fimbo Niliyomnyang'anya Sidi

Baba yangu, Mola akuweke pema.

Nimeanza kuvua. Cheka, kama huko mliko watu hucheka. Mwanao Mwanamisi, mwalimu wa darasa la tano, mwenye miaka arobaini na miwili na goti bovu, kila Jumamosi asubuhi hushuka kwenye yale mawe ya hori, pale bahari inapoingia nchi kavu, karibu na mikoko, akarusha ndoana kama mtu anayefukuza kunguru.

Lakini sikuandiki kwa furaha, Baba. Nakuandikia kwa sababu nina wivu, na aliyenitia wivu huo ni wewe, na sina pengine pa kuupeleka.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Mama alimaliza eda salama. Mdogo wangu Athumani akaja na gari akamchukua, sasa yuko Malindi kwake, analea wajukuu na kulalamika kuwa maji ya huko yana chumvi. Nyumba ya Kilifi nimebaki nayo mimi. Kiti chako nimekitoa barazani kwa sababu kila nikirudi kutoka shule nilikuwa nikikitolea salamu kabla sijakumbuka.

Sasa nifike kwa Sidi.

Ilikuwa siku ya tatu tangu tukuzike, watu wamejaa hitimani, nami nimebeba sinia la wali. Akaingia uani mwanamke nisiyemjua, mdogo wangu kwa miaka kama kumi, na kikapu cha samaki wabichi mkononi. Akakiweka chini, akakaa mchangani, akalia. "Mzee wangu, umeniacha na nani?" Baba, alilia kuliko mimi. Mimi nilikuwa sijalia bado, nilikuwa nikihesabu sahani. Watu wakamtazama yeye, kisha wakanitazama mimi.

Moyo wangu ulikwenda pabaya, nisamehe. Nikamfuata Mama chumbani nikamwuliza ni nani yule. Mama akanisoma usoni. "Usifikirie upuuzi," akasema. "Huyo ni Sidi, anakaa Tezo, huuza mihogo. Babako alikuwa akimfunza kuvua. Mwaka wa tatu huu. Mahamri yao nikiwafungia mimi."

Afadhali ningeambiwa ule upuuzi.

Kwa sababu unakumbuka, au hukumbuki, nilipokuwa na miaka tisa. Wewe na Athumani mlikuwa mkijiandaa kwenda horini, Athumani hata saba hajatimiza. Nikakushika kanzu nikasema, "Baba, na mimi." Ukacheka. Si kwa ubaya, najua. Ukasema, "Mtoto wa kike na ndoana, wapi na wapi? Nenda kamsaidie mamako kukuna nazi." Athumani naye akacheka, kwa vile wewe umecheka. Nikaenda nikakuna nazi mpaka nikajikwaruza vidole, na sikukuomba tena jambo hilo maisha yangu yote.

Kumbe jambo lenyewe liliwezekana. Liliwezekana kwa mwanamke mwingine, muuza mihogo, asiyekuwa hata jirani.

Mama akaniambia na kuwa ile fimbo yako nzuri, yenye gurudumu la kukunjia mshipi, ulimpa Sidi kabla hujalazwa. Basi hitima ya arubaini ilipokwisha nikaenda Tezo. Nilimkuta akimenya mihogo. Sikukaa, sikunywa maji aliyonipa. Nikamwambia, "Nimekuja kuchukua fimbo ya babangu." Hakubisha. Aliingia ndani akaitoa, imefungwa kwa leso safi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilipokuwa nimeshageuka akasema, "Mwalimu, isuze kwa maji baridi kila ukitoka. Chumvi huila."

Nilikasirika njia nzima. Kunifundisha mimi namna ya kuitunza fimbo ya babangu! Na sauti ile, Baba. Ilikuwa ni wewe mtupu, ukinikumbusha kufunika birika.

Nikaamua nitajua mwenyewe. Nikatazama video kwenye simu. Kuna wazungu wanavua kwenye maziwa yao samaki mwenye mdomo mpana kama chewa wetu, wamevaa kofia, wako ndani ya viboti vinavyometa. Mmoja akasema anayeanza asihangaike na maji mapana, atafute palipo na visiki na majani, kwa sababu huko ndiko samaki hujificha. Nikajiona nimeelewa. Jumamosi ya kwanza mshipi ulijisokota ukawa kama kiota cha ndege, nikarudi nao nyumbani nikaufumua mpaka Jumapili. Jumamosi ya pili nilivua mkoko. Ya tatu nikaivuta fimbo nyuma kwa nguvu, nikarusha, na ndoana ikanasa kwenye kiganja changu mwenyewe. Ikazama mpaka kwenye kile kijino chake. Nilipiga yowe, kaa wote wakakimbilia mashimoni.

Aliyekuja ni Sidi. Alikuwa mawe ya upande wa pili, anavua kwa mshipi wa mkono, maana fimbo nilikuwa nayo mimi. Alikuwa akiniona Jumamosi zote tatu, na hakunicheka, na hakunikaribia. Akanishika kiganja. "Usivute," akasema. "Ukivuta itachana. Tazama kule darajani, Mwalimu, hesabu magari." Nikahesabu magari. Kufika la sita alikuwa ameisukuma ncha ikatokea upande wa pili, akakikata kijino kwa koleo, akairudisha ndoana taratibu kwa njia iliyoingilia. Akaniosha, akanifunga kitambaa, akanisimamia mpaka nikapanda bodaboda kwenda zahanati kuchomwa sindano.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia, "Nifunze." Nililitoa neno hilo kama mtu anayetema jino.

Akanifunza. Akanionyesha fundo: ulilowanishe kwa mate kabla hujalikaza, ukilikaza kavu linajiunguza. Akanionyesha kurusha: si nguvu, ni kidole, kiachie mshipi fimbo inapopita sikio. Akanionyesha kumvika ndoana kamba wa baharini, akiwa mbichi, kuanzia mkiani. Akaniambia chewa ni mvivu, hafukuzi. Hukaa mlangoni mwa pango lake akangoja riziki ipite. Akimeza, hugeuka aingie ndani, na akishaingia huna samaki tena, una jiwe.

Ningeyapenda yote hayo kama si kwamba kila jambo lilianza na "Mzee alisema." Mzee alisema maji yakianza kujaa ndiyo wakati wake. Mzee alisema usivae bangili. Mzee alipenda kukaa hapa, jua lisimpige shingoni. Nilijua chai yako na dawa zako na sauti ya kikohozi chako, lakini sikujua kuwa ulikuwa na jiwe lako. Siku moja nikashindwa. Nikasema, "Usinitajie babangu! Ni babangu mimi!"

Sidi akakunja mshipi wake. Kisha akasema, "Mimi babangu yu hai, Mwalimu. Yuko Ganze. Hajanifunza hata kufunga kamba ya mbuzi."

Nikaona haya, lakini wivu haukuondoka kwa haya. Nikamwuliza lile lililokuwa likinila. "Ulimfanyaje mpaka akakubali?"

"Nilimwomba," akasema. "Akacheka. Akasema mwanamke na ndoana wapi na wapi. Nikarudi kesho yake, akacheka tena. Nikarudi. Siku ya nne hakucheka. Aliniambia, 'Aliwahi kuja mwingine kabla yako, nikamcheka, hakurudi. Kaa hapo. Usiguse kitu, tazama tu.'"

Akaniuliza, "Huyo mwingine ni nani, Mwalimu? Hakunitajia jina."

Niliinuka nikaenda nikasimama mikokoni peke yangu.

Kwa hiyo ulikumbuka, Baba. Miaka thelathini ulikuwa nalo. Nami nilikuwa nakuletea uji kila asubuhi mwaka mzima wa mwisho, nikakukata kucha, nikakusomea magazeti, na hukusema. Ungesema neno moja tu. "Twende." Ningekuja na goti langu hili. Somo lilikuwa langu, ukaenda kumpa aliyerudi mara nne. Na mimi nitasema nini? Kwamba nilikuwa na miaka tisa na sikujua kuwa baba huombwa mara nne?

Sijui nimekasirika na nani. Siku nyingine ni wewe. Siku nyingine ni yule mtoto aliyekwenda kukuna nazi akanyamaza.

Siku hiyohiyo, nilipotoka mikokoni macho mekundu, nikarusha bila kufikiri, na mshipi ukakazika. Sidi akapiga kelele, "Mtoe! Mtoe kabla hajaingia!" lakini hakunigusa, aliiweka mikono yake nyuma. Nikavuta, nikarudi nyuma, nikateleza, nikakaa juu ya mawe, bado navuta. Akatoka. Chewa, mwenye madoa ya kahawia, mdomo wazi kama anayetaka kunigombeza. Hakuuzidi mkono wangu kwa urefu, lakini alikuwa wangu. Nilimpika kwa nazi jioni ile, nikampelekea Sidi nusu, Tezo. Nikampelekea na fimbo. Ulimpa yeye, na ulichompa ni haki yake. Mimi nimejinunulia yangu, ya bei ndogo, inalia kama mlango.

Alipoipokea hakusema kitu cha maana. Alisema, "Uliisuza?" Nikasema, "Niliisuza."

Usidhani nimepona. Jana tu alisema kuwa ulikuwa ukiimba ukiwa unavua, na mimi sijapata kukusikia ukiimba, nikakosa usingizi. Lakini nimemwomba aniimbie, na ameniimbia, vibaya, na ninauandika wimbo wenyewe kwenye daftari la shule.

Jumamosi hii hatuvui horini. Tunakwenda Ganze, yeye na mimi. Babake hajapata kula samaki aliyevuliwa na mwanawe, na Sidi anaogopa kwenda peke yake, anasema mzee atamcheka. Tutabeba chewa wawili wa kukaanga na limau. Huko jua ni kali na samaki ni nadra, labda atafurahi, labda atasema maneno.

Lala salama, Baba. Naahidi mbele yako: nitaketi mkekani kwa adabu, nitamwita yule mzee baba kama Sidi anavyomwita, na ijapokuwa wivu utanikaba, sitamwuliza kwa nini yeye ndiye aliyebaki, na si wewe.

Mwanao,
Mwanamisi