Mama wa Kwenye Sinema Hakurudi

Tabata, Dar es Salaam
2 Juni 2025

Shikamoo mama,

Natumaini kifua kimepoa na maharage yamekomaa. Sisi wazima, ila mjukuu wako Nasra amenichukia.

Unaikumbuka sinema ya msichana na punda mweupe, wanaovuka mlima wa barafu kumfuata mama aliyekwenda kutibiwa? Ile tuliyokuwa tunaiangalia kwenye deki ya mwalimu Charles? Wameitengeneza upya. Nasra anajua wiki ijayo napasuliwa uvimbe, na hataki. Nikampeleka ili aone mama wa yule msichana anavyopona na kurudi.

Mama, hakurudi. Msichana anafika kileleni anakuta kaburi. Nikadhani wameiharibu, nikaitafuta ya zamani. Ni vilevile. Kumbe ndiyo maana wakifika juu ulikuwa unainuka kuzima deki, unasema kanda imeishia hapo, halafu mwisho unatusimulia wewe.

Sasa Nasra kila saa ananiambia, "Ulisema anarudi." Ananishika gauni mpaka mlango wa choo. Kwa hali hii siwezi kwenda hospitali. Kwa nini ulitudanganya?

Mwanao,
Shakila


Mlali
5 Juni 2025

Kwako mwanangu Mama Nasra,

Marahaba. Kifua kimepoa. Maharage usiulize, wanunuzi wanayapita mashamba ya watu wanakuja kusimama kwangu.

Sikuwadanganya, niliwamalizia. Kiingereza sikukijua na mpaka leo sikijui, lakini kaburi nikiliona nalijua. Hao wenye sinema wamekaa miaka yote hii, wamekuja na mitambo mipya, na bado wameshindwa kumrudisha yule mama. Mimi nilimrudisha kwa mdomo tu, nanyi mkala ugali mkalala.

Hospitali utakwenda. Mtoto aliyeng'ang'ania gauni havutwi, anapelekwa kwa bibi. Mlete stendi ya Msamvu Jumamosi. Nitakuwa nimevaa kitenge kipya, huwezi kunikosa. Na hiyo sinema mpya mwekee kwenye flashi, niione mwenyewe.

Mama yako


Mlali
8 Juni 2025

Mwanangu Shakila,

Salamu nyingi. Mtoto amefika salama, na mboga za kwangu anakula bila kubembelezwa.

Jana tuliiangalia kwenye televisheni uliyoninunulia. Jirani yangu Mwanvita naye akaja, maana kioo kama kile Mlali hii hakuna. Sasa sikia hukumu. Punda mpya anamshinda wa zamani, unaona unyoya mmoja mmoja. Lakini yule msichana anaupanda mlima kama anatumwa dukani. Wa zamani alikuwa anakaa chini, anavua kiatu, anasugua mguu. Sisi watu wa milima ya Uluguru aliyepanda kweli tunamjua. Na mama mpya anaumwa huku kapaka rangi ya mdomo. Mwanvita akasema labda anatibiwa saluni.

Wakafika kileleni. Nasra akautazama mkono wangu, maana sifa zangu za kuzima deki ulishampa. Sikuinuka. Kaburi tukaliona wote, akalia, nikamwacha alie.

Kisha nikampeleka chumbani, nikafungua kitenge nikamwonyesha mshono wa tumbo langu. Hili hata wewe sikukuambia. Mwaka ule wa deki nilikuwa nasubiri kupasuliwa mjini. Niliwaaga kwamba nakwenda Mkuyuni kwa mama yenu mdogo. Ule mwisho niliokuwa nawasimulia kila Jumapili, nilikuwa naufanyia mazoezi.

Nikamwambia, "Yule wa kwenye sinema hakurudi. Mimi nilirudi. Na mama yako nimemzaa mimi, siyo yule."

Akaupitisha kidole mshono wote, akauliza kama uliuma. Nikasema uliuma sana. Akanirudishia kitenge, akasema, "Basi aende."

Nenda, mwanangu. Huku usiwe na wasiwasi, yuko na mimi.

Mama yako


Tabata, Dar es Salaam
4 Julai 2025

Shikamoo mama,

Samahani kwa kimya, hata kalamu ilikuwa nzito. Nyuzi wameshanitoa. Mshono wangu mrefu kuliko wako, na najua hilo utalibishia. Nesi alinikataza kucheka, kwa hiyo barua yako yenye habari za saluni nimeisoma nusunusu.

Daktari ameniruhusu kusafiri. Jumamosi ijayo nakuja na basi la asubuhi. Mlete Nasra Msamvu, na nakuomba kitu kimoja: usimsimulie nitakavyofika. Mwache aone mwenyewe.

Mwanao,
Shakila